Baa Nilimomwona Rukia

Ndugu zangu, picha mliyoiona ni ya kweli. Haikutengenezwa na mtu. Yule mzee mwenye kanzu na kofia ya viua, aliyesimama chini ya taa nyekundu ya bia, mdomo wazi, tende mkononi, ni mimi Maalim Shehe wenu, na ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Picha ilifika Tanga kabla yangu. Siku niliyorudi, shemeji yangu alinipokea kwa adabu zote, akanibebea sanduku, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Maalim, huko ulikokuwa, afya ilikuwa sawa?" Tangu hapo kila anayenipa mkono huniuliza afya. Alhamdulillahi, afya ninayo. Sasa Idi imepita na nafasi ipo. Nitawasimulia kituo kwa kituo, nanyi mtahukumu.

Kutoka Tanga hadi Gaithersburg

Kilichonipeleka mnakijua. Mwanangu Salim alihamia kule Marekani miaka kumi na mitatu iliyopita, na mjukuu wangu Rukia aliondoka hapa akiwa na miaka saba. Tangu hapo kila Jumamosi baada ya Alasiri yetu, ambayo kwao ni asubuhi, hunipigia simu ya picha akanisomea. Mara nyingi simu hukata sauti ikabaki picha tu. Hilo halikunisumbua. Mtu aliyefundisha madrasa miaka arobaini, watoto hamsini wakisoma kwa pamoja kila mmoja mahali pake, hasikii neno, hutazama midomo. Baadhi yenu mlichapwa kwa sababu ya midomo yenu.

Rukia alikuwa na kosa moja sugu. Katika ile sura fupi ambamo Mola anaahidi kuwa pamoja na uzito upo wepesi, ahadi inatajwa mara mbili mfululizo. Yeye aliitaja mara moja akapita.

"Rudia," namwambia.

"Babu, si nimeshasema?"

"Mwenye kuahidi amesema mara mbili. Wewe ni nani upunguze?"

Alikuwa akicheka, akirudia, na Jumamosi inayofuata akiruka tena.

Bibi yake, Mungu amrehemu, kabla ya kufariki alimsukia msala wa ukindu, akaniambia, "Usiutume kwa mtu. Mpe mkono kwa mkono." Nikaufunga sandukuni pamoja na kopo la visheti. Kwenye uwanja wa katikati ndege yetu ilichelewa kwa saa nane. Pembeni yangu alikaa mama wa Kisomali na mama yake mzazi, hatukuwa na lugha ya pamoja zaidi ya salamu, na njaa haihitaji lugha. Visheti vya Rukia vilifika Marekani nusu kopo.

Salim anaishi Gaithersburg, katika nyumba zilizoshikana bega kwa bega kama watu wa safu ya sala. Rukia hakuwepo. Anasoma chuo kikuu katika jimbo la mbali sana, ndege mbili, na huko anacheza mpira wa kikapu, kichwa kimefunikwa na mikono imefunikwa hadi kwenye viganja. Mpango ulikuwa kwamba aje mwezi Machi, mashindano yao yakimalizika. Watu wote walisema timu yake ni ndogo, itatolewa mapema. Kule ukishindwa mara moja unarudi nyumbani, ukishinda unapelekwa mji mwingine kucheza tena. Wakashinda. Wakashinda tena. Ukabaki mchezo wa Jumamosi, na ndege yangu ya kurudi ilikuwa Jumanne. Wakitolewa Jumamosi, Rukia angekuwa nasi Jumapili mchana. Wakishinda, wangekwenda mbele, nami ningerudi Tanga bila kumgusa mkono.

Gaithersburg

Nyumbani kwa Salim waliondoa televisheni zamani, watoto wasome. Michezo ya Rukia tulikuwa tukiitazama kwenye simu. Picha ilikuwa ikiganda mpira ukiwa hewani. Ikifunguka, watu wamekwisha kukimbilia upande wa pili. Na jicho langu la kulia, mnajua, lina mtoto wa jicho. Niliona vitone vinavyokimbia.

Jumamosi ile Salim alikuwa zamu kazini huko Sterling, anakochunga mitambo katika majengo makubwa yasiyo na madirisha. Akaja jirani yao, Mwangi, mtu wa Nyeri, ambaye kazi yake ni kuhudumia wazee katika nyumba ya matunzo na wazimu wake ni mpira wa kikapu.

"Maalim, hiyo simu itakumaliza macho," akasema. "Mchezo kama huu unatazamwa kwa skrini kubwa kama mlango wa gereji. Twende baa ya michezo."

"Mwangi! Mimi, baa?"

"Hata mimi sinywi. Bibi yangu akinusa pombe kwangu atanirudisha Nyeri na miguu. Tutatafuta yenye inakufaa."

Nilikaa nikalipima. Tumekatazwa kukaa kwenye meza inayopitishwa ulevi. Meza, si paa. Nikampa Mwangi masharti: meza iwe yetu peke yetu, kilevi kisipite juu yake, na mbele yake iwe na skrini yenye Rukia.

"Hayo masharti ni kama ya kuoa," akasema, akachukua funguo za gari.

Tuliondoka baada ya Adhuhuri. Mchezo ulikuwa saa kumi na moja na nusu, tukajiona tuna wakati wa kuchagua. Baa ya kwanza ilikuwa karibu, pana kama ghala la mkonge, na nilihesabu skrini ishirini na mbili nikaacha. Sasa ninyi mnanijua: sijawahi kuingia penye watu nikapita bila kutoa mkono. Nikaanza meza ya kulia, salamu, salamu, meza baada ya meza. Watu wakawa wanafuta mchuzi vidoleni haraka haraka wanipe mkono.

"Maalim," Mwangi ananivuta kanzu, "hapa watu hawasalimiwi meza kwa meza."

"Basi leo wamesalimiwa."

Meza ya mwisho bwana mmoja mnene alisimama, akavua kofia, akasema jambo kwa unyenyekevu mkubwa. Mwangi akaziba mdomo.

"Anadhani wewe ni askofu. Anaomba ubariki timu yake."

"Timu gani?"

"Hata sijui. Bariki tu, twende."

Nikamwombea afya na uongofu. Hapo hapo timu yake ikatia mpira kikapuni. Meza nzima ikanipigia makofi, na tulipokaa, binti wa kuhudumia akatuletea sahani ya mabawa ya kuku, zawadi kutoka kwao. Niliweka mkono kifuani nikashukuru, sikula. Akadhani pilipili imezidi, akaleta sahani nyingine yenye pilipili kidogo. Nikashukuru tena. Akaleta ya tatu, kuku mweupe kama mgonjwa. Mwangi ndipo akamweleza kuwa nimefunga. Yeye mwenyewe, kwa heshima yangu, alikataa kula, ingawa macho yake hayakukataa hata kidogo.

Lakini msimamizi alitwambia kwamba ikifika saa kumi na moja na nusu skrini zote ni za mchezo wa wanaume wa chuo cha hapo karibu. Mwangi akamwomba moja tu, ile ya pembeni mwa choo. Hapana. Bwana mnene akaniaga kwa kunibusu mkono.

Beltsville

"Kuna mama Mkongo ninamjua," Mwangi akasema, tukakata kuelekea mashariki. Mama huyo anaitwa Mama Beya, ana mkahawa mdogo Beltsville, skrini mbili, meza saba. Alitoka jikoni akijifuta mikono.

"Papa, karibu! Mukae, mukae. Hapa ni kwenu."

Mwangi akaeleza tunachotafuta. Mama Beya akatikisa kichwa hadi hereni zikalia.

"Basketi ya mabinti? Ile shene ya televisheni hatuna, Papa. Hapa ni mupira wa miguu tu. Nikitoa mupira wa miguu, bwana yangu atanitoa mimi."

Kutoka pembeni mumewe, ambaye hakugeuza shingo kutoka kwenye skrini, akasema, "Kweli kabisa."

Nikamweleza Mama Beya habari ya Rukia, miaka kumi na mitatu, Jumanne. Sikukusudia kumweleza. Kuna watu ukiwatazama tu, mzigo unajishusha wenyewe. Alisikiliza akiwa amesimama, kisha akarudi jikoni. Nikadhani nimemchosha. Akatoka na mfuko umefungwa mara mbili.

"Ni makemba, ndizi ya kukaanga, na samaki. Papa, najua unafunga, si ya sasa. Jua likianguka, utakula na mutoto wako, utanikumbuka. Mimi mama yangu iko Bukavu. Nimemwacha amesimama kwa mulango. Miaka kumi na tisa."

Mfuko ule niliupakata garini kama mtoto mchanga.

Kabla hatujafika mbali Salim akapiga simu. Wenzake wa kazini wana baa wanayokula Sterling, na nyuma yake kuna chumba cha sherehe za watoto. Leo kimeachwa wazi. Skrini ipo. Tukitoka sasa tutafika. Mwangi akavuta pumzi: Sterling iko ng'ambo ya mto, upande wa pili kabisa wa mji mkuu wao.

Alasiri ilikuwa imeingia. Kule Beltsville serikali ina mashamba makubwa ya utafiti, ng'ombe na majani, na harufu ya samadi ikaingia dirishani. Nikamwambia Mwangi asimame. Nikatandika koti kwenye nyasi, nikasali. Niliposujudu nikasikia gari likipunguza mwendo na sauti ya mwanamke, kisha sauti ya Mwangi. Nilipotoa salamu nikamkuta mama mmoja wa makamo amesimama kando ya gari lake.

"Alidhani umeanguka," Mwangi akaniambia. "Nimemwambia unaomba. Amesema atangoja umalize, ahakikishe utasimama."

Nikasimama. Akatupungia mkono akaenda zake. Mwangi alikuwa bado anawatazama ng'ombe.

"Harufu ni ya kwetu kabisa," akasema. "Asubuhi, mamangu akikamua." Akawasha gari.

Barabara ya kuzunguka mji

Mji ule una barabara inayouzunguka, na Jumamosi ile nadhani kila mwenye gari aliamua kuizunguka. Tulikwenda, tukasimama, tukasogea urefu wa jamvi, tukasimama. Saa kumi na moja na nusu ilitukuta juu ya daraja, mto chini yetu, mbele yetu taa nyekundu za magari hadi mwisho wa upeo. Nikatoa simu. Picha ikaganda kwenye bega la mtu.

"Weka hiyo, Maalim. Tutafika."

"Ameanza bila mimi."

"Ameanza miaka mingi bila wewe, na amefika hapo." Kisha akaona amesema neno zito, akalainisha sauti. "Hebu nikuulize kitu. Unataka washinde ama washindwe?"

Nikatazama mto.

"Mwangi, nimefunga. Usinilazimishe kusema uongo."

Hakucheka. Tukasogea urefu wa jamvi lingine.

Sitawaficha ndugu zangu. Tangu Jumatano nilikuwa na dua yangu tayari: Ewe Mola, nikutanishe na Rukia kabla sijaondoka. Ni dua njema, haina dhambi ndani yake. Na nilikuwa nimeitunzia wakati wake, kwa sababu mnajua dua ya aliyefunga, anapofuturu, ina mlango wake. Lakini njia ya dua ile ilikuwa moja tu. Ili nimwone, ilikuwa lazima alie kwanza.

Sterling

Tulifika karibu saa kumi na mbili na nusu. Salim alitupokea mlangoni na beji ya kazi shingoni. Ukumbi wa mbele ulikuwa umejaa watu na bia. Niliwasalimu meza kwa meza, Mwangi safari hii hakunivuta. Alinifuata akitoa mkono na yeye. Chumba cha nyuma kilikuwa na meza moja, maputo matano yaliyoanza kusinyaa, taa nyekundu ya bia ukutani ambayo haikuwa na swichi, na skrini. Msimamizi, mwanamke mrefu mwenye mvi, alifuta meza kwa mkono wake, akabadilisha chaneli. Sauti tu hakuweza kutupa. Spika zote ni za ukumbi wa mbele.

"Sauti si neno," nikasema.

Na kweli Rukia alikuwepo. Mkubwa kuliko mlango. Jicho langu bovu na jicho langu zima yote yalimwona. Amerefuka kumpita baba yake, na anavyokimbia ameinamisha kichwa kidogo kama bibi yake akivuka barabara. Nikamwonyesha Salim kwa kidole.

Timu yake ilikuwa nyuma kwa pointi tisa. Kisha saba. Mwangi alinieleza kila kitu, nami sikusikia kitu. Wakawa nyuma kwa nne. Saa moja na robo ikapita, zimebaki dakika chache za mchezo, na simu ya Salim ikaadhini magharibi. Salim akafungua mfuko wa Mama Beya, harufu ya samaki ikajaa chumba. Nikashika tende.

Hapo ndipo palipokuwa mlango wangu.

Kwenye skrini mwalimu wao alikuwa amewakusanya. Kamera ikamsogelea Rukia. Anahema, jasho linamtiririka kwenye kitambaa cheupe cha kichwani, na macho yake, ndugu zangu, yale macho ya mtoto anayetaka kitu hadi haoni kingine. Nimewafundisha watoto wengi. Najua mtoto anayeomba. Nikasema, "Ya Rabbi, mpe anachokuomba yeye." Nikaitia tende mdomoni kabla sijabadili. Ilikuwa tamu, na ilikuwa ngumu kumeza.

Zikabaki sekunde sita, wako nyuma kwa pointi moja. Rukia akaenda na mpira, akagongwa, akaanguka. Mwangi akaruka. "Mbili! Anapewa mbili za bure! Anasimama peke yake, hakuna wa kumzuia!"

Nikachukua tende ya pili, sijui kwa nini. Rukia akasimama kwenye mstari. Akapangusa kiganja cha kulia kwenye goti. Kamera ikaja usoni.

Midomo yake ilikuwa inakwenda.

Watu wale wote wa mbele, na Mwangi, na hata baba yake, waliona msichana anayehema. Mimi nilimsikia. Bismillahi. Kisha sura yetu, aya kwa aya, kasi yake ni ile ile ya miaka yote. Akafika kwenye ahadi. Akaitaja mara moja. Akanyamaza.

"Rudia!" nikasema kwa sauti ya madrasa.

Salim akashtuka. Rukia akarusha. Mpira ukaingia. Sare.

Akapewa mpira tena. Akapangusa kiganja. Nami nilikuwa nimesimama, "Rudia, mwanangu, rudia," na midomo yake ikafunguka, akaitaja ahadi mara ya pili. Hakuwa ameruka. Alikuwa ameigawa, moja kwa kila mtupo. Akarusha.

Ukumbi wa mbele ukapiga kelele moja kubwa. Wale niliowasalimu walikuwa wamesimama mlangoni na bilauri zao, hakuna aliyevuka kizingiti, wanatazama mchezo wetu. Mwangi alicheza mzunguko mzima wa meza, akamkumbatia Salim, akamkumbatia msimamizi mwenye mvi. Kisha akaniona, akakumbuka. Akakaa polepole.

"Pole, Maalim."

"Usinipe pole," nikasema. "Futuru. Umefunga na wewe leo, nimekuona."

Tukala samaki wa Mama Beya, makemba yamepoa, hatukubakiza kitu. Magharibi tulisali humo humo, mimi na mwanangu, chini ya maputo. Mwangi alilinda mlango.

Kuondoka

Msala wa ukindu niliuacha Gaithersburg, juu ya kitanda ambacho Rukia hulalia akija. Niliukunjua, nikaukunja tena. Wasia wa marehemu sikuutimiza, na namwomba anisamehe.

Jumanne, uwanja wa ndege wa Dulles, nikiwa nimeketi kungoja kuitwa, simu ikalia. Walikuwa kwenye basi, mji mwingine. Kiswahili chake huja taratibu, kama mtu anayevuka maji kwa kukanyaga mawe.

"Babu. Uliniona?"

"Nilikuona."

"Baba amesema ulisoma mdomo yangu."

"Midomo ya watoto nimeisoma miaka arobaini. Nishindwe kusoma yako?"

Akacheka kidogo. Nikasikia basi likinguruma.

"Nilisoma vizuri?"

"Mara mbili. Hukupunguza."

Kisha, kwa sauti ya yule mtoto wa miaka saba, "Samahani, Babu. Tulishinda."

Nilimwambia maneno ambayo babu humwambia mjukuu. Kisha tukaitwa.

Alhamisi walitolewa. Ijumaa Rukia alikuwa Gaithersburg, ameketi juu ya msala wa bibi yake, ananipigia simu ya picha. Mimi nilikuwa hapa Tanga, nimefika jana yake. Namshukuru Mungu kwa yote; aliyenipa ndiye aliyenikadiria.

Wanaonitania kwa kuniuliza baa iliyo bora kule, nimewajibu. Na ile picha nawaomba msiifute. Mwangi aliipiga kwenye ule mtupo wa pili. Kila mtu ametazama taa ya bia. Ikuzeni kwa vidole, mtazame pembeni mwa bega langu la kushoto, kwenye skrini. Pana msichana mwenye kitambaa cheupe, mpira mkononi, midomo imefunguka nusu. Ndiye. Sina picha nyingine niliyopigwa pamoja naye tangu aondoke.